Mwenyekiti Asiye na Deni

Watanzania walipiga kura kuchagua viongozi wa vijiji, mitaa na vitongoji tarehe 27 Novemba 2024. Washindi waliapishwa, mabango yakapauka juani, na mazungumzo yakahamia kwenye uchaguzi mkuu wa 2025, kana kwamba huu wa mitaa ulikuwa mchezo wa kupasha misuli tu. Mtazamo huo ni wa hatari. Kwa mwananchi wa kawaida hakuna uchaguzi ulio karibu na mlango wake kuliko huu. Na namna tulivyouendesha mara mbili mfululizo, 2019 na 2024, inatuzalishia kiongozi wa aina yake: mwenyekiti asiye na deni kwa watu anaowaongoza.

Nianze na mahali, maana siasa isiyo na mahali ni porojo. Mkuyuni ni kata ya Wilaya ya Nyamagana, jijini Mwanza, kando ya barabara kuu itokayo katikati ya jiji kuelekea Shinyanga. Upande mmoja ni ziwa, upande mwingine ni vilima vya mawe ambavyo nyumba zimevipanda. Mvua kubwa inaponyesha, maji hushuka kutoka juu kwa kasi yakitafuta ziwa, na hayamwulizi mtu njia. Daraja la Mkuyuni lilipoonekana kuelemewa na mafuriko, Serikali Kuu kupitia TANROADS iliamua kujenga jipya. Hilo ni jambo jema. Lakini maji hayo, kabla ya kufika darajani, yamepita kwenye vichochoro na mifereji iliyozibwa na taka, na kwenye ukuta ambao jirani mmoja ameujenga juu ya njia ya maji. Huko TANROADS haifiki. Huko anayetakiwa kufika ni mwenyekiti wa mtaa.

Tuitazame ofisi hiyo kwa makini. Kijana anayetafuta kitambulisho cha Taifa anahitaji barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Anayekwenda kumdhamini ndugu yake kituo cha polisi au mahakamani huulizwa barua hiyo hiyo. Akina mama wanaouza samaki na dagaa wakiunda kikundi ili waombe mkopo wa halmashauri, safari yao huanzia hapo. Itakumbukwa kwamba mikopo hiyo, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa Aprili 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, kisha ikarejeshwa 2024. Kwa hiyo swali la nani anatambuliwa kuwa mkazi na nani hatambuliwi limekuwa swali la fedha. Ongeza hapo migogoro ya mipaka ya viwanja, ulinzi shirikishi, na orodha ya kaya maskini za kusaidiwa na TASAF ambayo huanzia kwenye mkutano wa wananchi. Muhuri wa mtaa ni mdogo kuliko kiganja, lakini kwa mtu asiye na jamaa serikalini ndiyo serikali yenyewe.

Sasa, katika ofisi hiyo wanakaa watu wawili ambao hatupaswi kuwachanganya. Wa kwanza ni mtendaji wa mtaa. Huyu ni mwajiriwa wa halmashauri. Mshahara wake unatoka juu, uhamisho wake unatoka juu, na hofu yake, kwa haki kabisa, iko juu. Wa pili ni mwenyekiti. Huyu hana mshahara, ila posho ambayo mara nyingi huchelewa. Kitu pekee kinachomtofautisha na mtendaji ni kwamba yeye alikuja kwetu kuomba. Alibisha hodi, akapewa kigoda, akaulizwa kuhusu taa za barabarani na vibaka, akaahidi. Kura aliyopewa ni mkopo, na dawa ya deni ni kulipa. Hapo ndipo ilipo maana yote ya kuchagua: ndani ya ofisi ile pawepo angalau mtu mmoja ambaye hofu yake iko chini, kwa wakazi.

Mwenyekiti aliyeshinda kwa sababu mpinzani wake aliondolewa kabla ya kampeni hakukopa kitu kwetu. Deni lake liko kwa aliyempitisha na kwa aliyemwondoa mwenzake. Atalilipa, maana binadamu hulipa madeni yake, ila atalilipa huko. Ofisi ya mtaa itakuwa imebaki na watendaji wawili, mmoja mwenye barua ya ajira na mwingine mwenye cheti cha ushindi.

Takwimu za 2024 tulizisikia. Aliyekuwa Waziri wa TAMISEMI wakati huo, Mohamed Mchengerwa, alitangaza kwamba Chama Cha Mapinduzi kimeshinda asilimia 99.01 ya vijiji, asilimia 98.83 ya mitaa na asilimia 98.26 ya vitongoji. Mwaka 2019 CHADEMA na vyama vingine vilijitoa baada ya wagombea wao wengi kuondolewa, na chama tawala kikatangazwa kushinda zaidi ya asilimia 99. Mara hii vyama vya upinzani havikususa, lakini malalamiko yalikuwa yale yale: fomu zilizokataliwa kwa kasoro za kujaza, ofisi zilizofungwa siku ya kurejesha fomu, mawakala waliozuiwa. CHADEMA ilieleza pia kwamba wanachama wake watatu waliuawa katika matukio yaliyohusiana na uchaguzi huo. Serikali ilijibu kuwa kanuni zilifuatwa na kwamba wasioridhika walikuwa na nafasi ya kukata rufaa.

Kwa haki, lazima niseme kuna hatua moja iliyopigwa mbele. Mwaka 2019 mgombea aliyebaki peke yake alipita bila kupingwa, na wananchi wa eneo lake hawakuona hata sanduku. Kanuni za 2024 zilitaka mgombea wa namna hiyo apigiwe kura ya ndiyo au hapana. Ni afadhali. Hata hivyo, mtu aliyewekewa sahani moja mezani na kuulizwa kama atakula au hatakula hajachagua chakula. Amechagua kati ya kula na kulala njaa.

Wako wanaojibu kwamba asilimia 99 ni kipimo cha mapenzi ya wananchi. Hoja hii haistahili kubezwa, kwa kuwa ina chembe ya ukweli. CCM imerithi mtandao ambao hakuna chama kingine kilicho nao. Mabalozi wa nyumba kumi, waliotokana na mfumo wa TANU wa miaka ya 1960, bado wapo, na raia wengi hadi leo hawatofautishi balozi, ambaye ni kiongozi wa chama, na mwenyekiti wa mtaa, ambaye ni kiongozi wa serikali. Vyama vya upinzani navyo vina lawama yao. Chama kinachoonekana mtaani miezi mitatu kabla ya uchaguzi, kisha kikatoweka kwa miaka minne, hakiwezi kudai kwamba kila kiti kilichopotea kiliibwa. Chama chenye uwezo wa kupata mgombea katika kila kitongoji cha nchi hii kina haki ya kushinda vingi.

Lakini vingi si vyote. Historia ya jimbo hili inatufundisha kwamba watu wake hawana mapenzi ya namna hiyo kwa chama chochote. Mwaka 2010 wapiga kura wa Nyamagana walimwondoa Lawrence Masha wa CCM, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, wakampa ubunge Ezekiel Wenje wa CHADEMA. Mwaka 2015 wakamwondoa Wenje, wakamchagua Stanslaus Mabula wa CCM. Hao si watu wa upinzani wala watu wa chama tawala. Ni watu wanaodai deni na kubadilisha mdaiwa. Mtu akiniambia kwamba watu wa namna hiyo, katika nchi nzima, wamekubaliana kwa asilimia 99 mara mbili mfululizo, ninaomba ruhusa ya kutilia shaka karatasi waliyopewa kabla ya kutilia shaka tabia yao.

Tena watu wa pande hizi za ziwa wamekuwa na msimamo juu ya serikali za mitaa tangu zamani. Mwaka 1958 serikali ya kikoloni iliwaletea watu wa Geita, ng'ambo ya ghuba, halmashauri ya mchanganyiko wa rangi, katika wilaya ambayo takribani wakazi wote walikuwa Waafrika. Wakati huo TANU ilikuwa imezuiwa kufanya kazi Usukumani tangu 1954. Pamoja na hayo, wananchi waliikataa halmashauri hiyo, na kundi kubwa likaja hadi Mwanza kupeleka malalamiko kwa mkuu wa jimbo, likatawanywa kwa mabomu ya machozi. Kiini cha malalamiko yao kilikuwa rahisi: mmetuwekea chombo cha kututawala bila kutuuliza. Wakulima wale wa pamba walijua, miaka mitatu kabla ya uhuru, kwamba anayeketi kwenye halmashauri yako bila ridhaa yako hawezi kuwa mjumbe wako.

Uhuru ulipopatikana tulijaribu njia nyingine. Mwaka 1972, katika mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri zilifutwa na kazi zake zikachukuliwa na maofisa waliotumwa kutoka makao makuu. Nia ilikuwa kusogeza maendeleo karibu na watu. Matokeo yalikuwa kuwaondoa watu kwenye maamuzi. Halmashauri za miji zilianza kurejeshwa 1978, na sheria za 1982 zikarudisha mfumo mzima. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri baadaye kwamba kuzifuta lilikuwa kosa. Ibara ya 146 ya Katiba yetu sasa inataja wazi kuwa madhumuni ya kuwapo kwa serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Yaani tulikwisha kujaribu serikali ya mtaa isiyotokana na watu, tukaiona, tukaiacha. Itakuwa ajabu kuirudisha kupitia sanduku la kura.

Tutazame na kwa wengine, si kwa sababu wao ni malaika, bali kwa sababu macho hujifunza kwa kulinganisha. London ina halmashauri 32, ukiacha lile Jiji la kale la London lenye utaratibu wake. Katika uchaguzi wa Mei 2022, chama cha Conservative, kilichokuwa kikitawala Uingereza chini ya Waziri Mkuu Boris Johnson, kilipoteza halmashauri ya Wandsworth kiliyokuwa kimeishika tangu 1978, na ile ya Westminster, ambayo chama cha Labour hakikuwa kimeishinda hata mara moja tangu ilipoundwa miaka ya 1960. Zingatia kwamba Bunge na ofisi ya Waziri Mkuu viko ndani ya Westminster. Waziri Mkuu aliamka asubuhi akiwa mkazi wa halmashauri iliyo mikononi mwa wapinzani wake. Taka zilizolewa kama kawaida. Serikali haikuanguka kwa sababu hiyo. Kushindwa kule ni jambo la kawaida, na ndiyo sababu kushinda kuna maana.

Nao wana aibu zao. Wapiga kura wanaojitokeza katika chaguzi zao za mitaa mara nyingi ni kama theluthi moja tu. Wengi wana haki ambayo hawaitumii. Katika halmashauri ya Tower Hamlets, mashariki ya London, meya Lutfur Rahman alishinda mwaka 2014, na mwaka uliofuata mahakama ya uchaguzi ikabatilisha ushindi wake kwa vitendo vya udanganyifu na rushwa, ikamzuia kugombea kwa miaka mitano. Mwaka 2022 aligombea tena, akashinda. Ninalotaka msomaji alizingatie katika kisa hiki ni nani waliofungua kesi. Walikuwa wapiga kura wanne. Raia wanne waliweza kumfikisha meya mbele ya mwamuzi, na mwamuzi akasikiliza. Wakati huohuo wapiga kura walipopewa nafasi ya kumrudisha, hakuna aliyewanyima.

Kwa nini kwetu mambo ni magumu? Kwa sababu mwamuzi wetu amevaa jezi. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2024 ulisimamiwa na TAMISEMI, wizara iliyokuwa wakati huo chini ya Ofisi ya Rais, ambaye ndiye mwenyekiti wa chama kimojawapo cha wanaoshindana. Waziri hutunga kanuni, na watumishi wa halmashauri hupokea fomu na kuamua nani anafaa. Wapo miongoni mwao watu waadilifu. Ninawafahamu, wengine nimewafundisha. Lakini uadilifu wa mtu mmoja mmoja si utaratibu. Wahenga walikwisha kuonya juu ya kesi ya nyani kupelekwa kwa ngedere. Onyo lao halikuwa kwamba ngedere ni mnyama mbaya; lilikuwa kwamba ni ndugu wa nyani.

Tiba ya kwanza iko nusu njia. Sheria ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ya mwaka 2024 imeitaja kazi ya kusimamia uchaguzi wa serikali za mitaa miongoni mwa majukumu ya Tume, lakini kwa sharti kwamba Bunge litunge sheria ya kuwezesha jambo hilo. Sheria hiyo haikutungwa, na uchaguzi ukaendelea chini ya wizara. Kati ya 2024 na 2029 kuna miaka mitano. Kisingizio cha muda kilifaa 2024; hakitafaa tena.

Tiba ya pili haihitaji hata sheria mpya, ni kanuni tu: kasoro ya fomu isahihishwe, isiwe hukumu. Mtu anayekosea kuandika kifupi cha jina la chama chake hajapoteza akili ya kuongoza mtaa. Msimamizi anayeona kosa siku ya kupokea fomu amwoneshe mhusika, alirekebishe palepale, watie saini wote wawili. Benki hufanya hivyo, shule hufanya hivyo, hospitali hufanya hivyo. Sioni kwa nini demokrasia iwe na kalamu kali kuliko benki.

Tiba ya tatu ni kuruhusu mgombea binafsi, na tuanze na mtaa. Wapo wanaosema kwamba vyama vinawagawa majirani, na wana hoja. Basi mwacheni fundi seremala anayeheshimiwa na wote, asiye na kadi ya chama chochote, agombee. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hili kwa miaka mingi, na tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako hapa hapa nchini, Arusha, iliamua kwamba kumlazimisha mgombea apitie chama kunakiuka haki. Mtikila alifariki mwaka 2015 kabla hajaona utekelezaji. Hukumu ile ingali inasubiri, na pa kuanzia penye gharama ndogo kabisa ni mtaani, ambako watu hufahamiana kwa sura na tabia kabla ya rangi ya fulana.

Liko pia la kwetu sisi wakazi, na hili halingoji Bunge. Mwenyekiti aliyeingia bila kukopa kura zetu anaweza bado kufanywa mdaiwa. Mkutano wa wananchi wa mtaa upo kisheria, na ndio mahali pa kusomewa mapato na matumizi, kuhoji na kuazimia. Wengi wetu, hasa sisi tuliosoma, hatuhudhurii. Tunawaachia wazee na akina mama, kisha tunalalamika kwenye simu. Ukienda, hoji mambo manne: michango ya ulinzi imekusanywa kiasi gani na imetumikaje, vikundi gani vimependekezwa kupata mkopo na kwa vigezo gani, mfereji wa maji ya mvua utazibuliwa lini na nani, na mkutano ujao ni tarehe ngapi. Majibu yaandikwe kwenye muhtasari. Mtu aliyejibu mbele ya majirani zake mia mbili, na majibu yake yakaandikwa, ameanza kuwa na deni hata kama hakulitaka.

Sitegemei kwamba hatua hizo zitaleta matokeo ninayoyapenda mimi. Huenda uchaguzi wa 2029, ukisimamiwa na Tume, ukiwa na fomu zinazosahihishika na wagombea binafsi, utaipa CCM mitaa tisa kati ya kumi. Sitakuwa na neno. Mwenyekiti atakayepatikana hivyo katika Mkuyuni, awe wa kijani, wa bluu au asiye na rangi, atakuwa amepanda vilima vile vya mawe kwa miguu yake, nyumba kwa nyumba, kuomba. Na mvua itakapoteremka, wakazi watajua mlango wa kugonga, naye atajua kwa nini ni lazima afungue.